Tembe: Nyumba ya Paa la Udongo

Tembe ni nyumba ndefu ya kimo kifupi, yenye paa bapa la udongo. Kwa vizazi vingi ndiyo yalikuwa makazi ya Wagogo wa Dodoma na ya majirani zao wengi wa nyanda za kati. Mabawa yake huzunguka ua, na usiku ng'ombe hulala humo. Kila mke alikuwa na vyumba vyake, na mtoto wa kiume akioa, bawa lilirefushwa.

Uimara wa jengo hili uko kwenye nguzo. Miti yenye panda huchimbiwa ardhini kwa safu, magogo hulazwa juu ya panda, kisha hufuata fito, matawi, nyasi na tabaka nene la udongo. Ukuta ni fito zilizosimamishwa na kukandikwa, haubebi paa. Ukiliwa na mchwa au kumomonywa na mvua, huvunjwa na kukandikwa upya huku paa likibaki mahali pake. Nguzo nazo hubadilishwa mojamoja.

Paa bapa laifaa nchi yenye mvua chache, takriban milimita 600 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Halishiki moto kirahisi, jambo kubwa katika karne ya 19 ya mashambulizi na wizi wa mifugo. Mtama na uwele vilianikwa juu yake. Lakini mvua ikizidi, huvuja, na kila kiangazi lilihitaji kuongezwa udongo na kushindiliwa.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopanda bara kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo waliichukua ramani hiyo, wakaipa kuta nene, baraza na milango ya nakshi ya pwani. Mfano unaojulikana zaidi uko Kwihara, karibu na Tabora. Mpelelezi Henry Morton Stanley alifikia huko mwaka 1871. Mpelelezi mwenzake David Livingstone alikaa humo kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi. Huko Unyanyembe, eneo la Kwihara na Tabora, mwaka uliofuata, ndiko mpelelezi Verney Lovett Cameron alikopata habari za kifo cha Livingstone.

Tembe la Kwihara lilijengwa upya mwaka 1957, na leo ni makumbusho. Anayeingia humo anaona nakala, ingawa neno hilo halikai vizuri kwenye jengo la aina hii: tembe lililokaliwa miaka 30 lilikuwa limekwisha kubadilishwa ukuta, paa na nguzo, na hakuna aliyeliita jipya.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na bati na saruji vikapata njia nyepesi ya kufika bara. Pigo kubwa kwa Ugogo lilikuja mapema miaka ya 1970, pale Operesheni Dodoma ya serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa vyenye nyumba za safu. Familia iliyokuwa imetawanya mabawa yake kuzunguka zizi ilipewa kiwanja. Tofali la kuchoma likawa alama ya maendeleo, japo tanuri lake hula kuni nyingi katika nchi yenye uhaba wa miti.

Bado yapo matembe vijijini, mengine yakiwa yamevuliwa udongo na kuezekwa bati juu ya nguzo zilezile. Hayavuji kama zamani, ila mchana huwa na joto kali, na mtama sasa huanikwa chini.