Unatoka Thika Kwenda Kuvua Watamu? Chagua Jigi Hivi

Msee, kama umezoea kutega tilapia na minyoo kwa bwawa la Ruiru, bahari ni stori ingine. Jigi ni chuma yenye umbo la samaki. Haina chambo, wewe ndio unaifanya icheze.

Angalia uzito kwanza. Mita 20 hivi, gramu 40 mpaka 60 zinatosha. Mita 80, anza na 150, na mkondo ukivuta panda hadi 200. Ukibeba nyepesi itaenda na maji na hutajua kama ilifika chini.

Iangushe mpaka mshipi ulegee, halafu usizubae. Ikinasa kwa matumbawe, doo imeenda. Ndio maana ndoano hufungwa juu, upande wa mshipi. Vuta, zungusha, vuta, zungusha. Kolekole anataka mbio. Tewa anakaa chini, mwendee pole pole. Kaa rada ikishuka pia, wengi hugonga hapo. Nguru ana meno ya wembe, weka kipande cha waya.

Panga safari Novemba hadi Machi, kaskazi ikivuma. Kusi ni mawimbi tu na kutapika. Na kabla urudi Thika, osha jigi na maji baridi, ama utapata ndoano imeshika kutu.