Choo kinachoyumba: Jinsi ya kukisawazisha kwenye sakafu isiyo sawa

KATIKA mtaa wa Obunga, jijini Kisumu, ni jambo la kawaida nyumba kadhaa za kupanga kutumia choo kimoja. Wengi wangali wanatumia vyoo vya shimo, lakini penye mabomba ya maji, baadhi ya wenye nyumba huweka vyoo vya kukaa. Choo cha aina hiyo kikiwekwa kwenye sakafu isiyo sawa, huyumba.

Kuyumba huko si kero ndogo. Kila choo kinapocheza, kiungo kati yake na bomba la majitaka hulegea, na uchafu huanza kupenya chini ya sakafu bila kuonekana. Palipo na visima vifupi karibu, uchafu huo waweza kufika kwenye maji ya kisima na kueneza kipindupindu au homa ya matumbo.

Mara nyingi chanzo ni udongo. Sehemu kubwa ya nyanda za Kisumu na Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Sakafu iliyojengwa moja kwa moja juu ya udongo huo hupasuka na kuinama upande mmoja.

Kabla ya kazi, funga maji, kausha sakafu na uweke choo mahali pake bila kukifunga. Tumia pimamaji kukagua usawa wake, kwanza kutoka mbele hadi nyuma, kisha kutoka kushoto hadi kulia.

Pengo likiwa la milimita chache tu, ingiza kabari za plastiki mpaka choo kitulie. Usitumie vipande vya mbao au karatasi ngumu, kwani huoza vinapolowa. Pengo likiwa kubwa, au sakafu ikiwa imevunjika, kabari hazitafaa. Bomoa sehemu mbovu, uisawazishe kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji na tatu za mchanga, kisha uiache ikomae kwa siku kadhaa ikinyunyiziwa maji.

Hatua inayofuata ni kutia alama penye matundu ya skrubu, kuondoa choo na kutoboa sakafu kwa uangalifu ili bomba lisiguswe. Weka mpira mpya wa kuunganisha choo na bomba. Wa zamani ukishalegea hauaminiki tena. Rudisha choo na ukaze skrubu kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, kauri itapasuka.

Mafundi wengine huzika kitako chote cha choo ndani ya saruji. Kazi hiyo huonekana imara, lakini sakafu ikisogea choo chaweza kupasuka, na kukiondoa bila kukivunja ni vigumu. Ni afadhali kuziba ukingo kwa silikoni na kuacha nafasi ndogo upande wa nyuma, ili maji yakivuja yaonekane mapema. Hatimaye mwaga maji mara kadhaa na uchunguze kila upande.

Choo kikiinama tena baada ya msimu mmoja au miwili, kosa si la skrubu bali la msingi. Dawa yake ni kuchimba na kuondoa udongo mweusi, kujaza mawe na changarawe, kushindilia, kisha kumimina sakafu mpya.

Gharama hiyo haimwelei mpangaji. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu choo au mfereji wa majitaka unaohatarisha afya kuwa kero ambayo mhusika aweza kuamriwa kuiondoa. Mwenye nyumba akikataa, wapangaji wanaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lao.