Lawalawa: kisu kilivyoshuka hadi kwa vichanga

Jamani, tangu nirudi Singida kuna neno limegoma kutoka kichwani: lawalawa. Wewe uliyekulia pwani utadhani nazungumzia peremende. Kule Singida na Dodoma ni jina la miwasho na maambukizi ya sehemu za siri, hasa kwa watoto wa kike. Hospitali yanatibika kwa dawa za kawaida, na unaambiwa mtoto aogeshwe kwa maji safi. Maji! Katika ukame ule, kiangazi ndoo moja inaweza kula asubuhi nzima.

Zamani, kwa Wanyaturu, ukeketaji ulikuwa shughuli ya wasichana wanaoingia utu uzima. Kulikuwa na ngoma na mafunzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ikashika kasi imani kwamba lawalawa ni hasira ya mizimu kwa wanaoacha mila, na dawa yake ni kukeketwa. Unaona kilichobadilika? Mila ilikuwa na umri wake. Dawa haina umri, anapewa yeyote anayeumwa, hata anayenyonya.

Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ikawa jela miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000 (bei ya mbuzi wachache, sijui waheshimiwa walipigaje hesabu). Siibezi sheria hiyo. Ila ngoma ndiyo iliyokuwa ikimwita polisi, basi ngoma ikanyamazishwa na kazi ikahamia chumbani, kwa vichanga. Binti wa miaka 14 anaweza kukimbilia kwa mwalimu wake. Mtoto wa wiki mbili atakimbilia kwa nani?

Takwimu za kitaifa zinatia moyo: wanawake wa Singida waliokeketwa walikuwa asilimia 51 mwaka 2010, wakashuka hadi 31 mwaka 2015-16, kisha 20 mwaka 2022. Mimi mwandishi mwenyewe nilishawahi kuandika habari ya kushangilia namba hizi. Nilisahau kwamba wanaohesabiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kichanga aliyekeketwa 2022 ataingia kwenye hesabu hiyo kuanzia 2037.

Nilimuuliza bibi mmoja, nje kidogo ya mji, kama mambo haya bado yapo. Akacheka kwanza, mtoto wa kiume anauliza habari za wanawake! Halafu akasema taratibu: "Mjukuu wangu, sisi hatukuwa tunawachukia watoto. Tulikuwa tunawatibu."

Nikakosa la kujibu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu katili, nikamkuta mama aliyeogopa mwanawe asife.

Nikamuuliza, na kitukuu huyu uliyempakata? Akanionyesha ndoo ya maji na kipande cha sabuni kando ya kigoda. "Huyu akiwashwa anaogeshwa. Ikizidi, mama yake anampeleka zahanati." Kisha akanifukuza, muda wa kumwogesha ulikuwa umefika.