Kuuvuka Umbali: Mbinu za Bondia Mfupi dhidi ya Mpinzani Mrefu katika Uzani wa Juu, 1919–1975

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Machi, 1971, Joe Frazier alipanda ulingoni katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kutetea ubingwa wa dunia wa uzani wa juu dhidi ya Muhammad Ali. Frazier alikuwa na kimo cha sentimita 182 hivi, ilhali Ali alikuwa na sentimita 191. Mikono ya Ali ilikuwa mirefu kuliko ya Frazier kwa zaidi ya sentimita 10. Baada ya raundi 15, mwamuzi na majaji wote wawili walimpa Frazier ushindi.

Pambano hilo limeandikwa sana, na maelezo ya matokeo yake mara nyingi hurejelea mambo matatu: ujasiri wa Frazier, uwezo wake wa kuvumilia ngumi, na nguvu ya mkono wake wa kushoto. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana kasoro. Yanamchukulia bondia mfupi kama mtu anayeshinda kwa maumbile na moyo, huku akili ikiachwa kuwa mali ya bondia mrefu anayecheza kwa mbali. Kasoro hiyo haikuishia katika maandishi. Ali mwenyewe alimwita Frazier mjinga hadharani, na mwaka 1975 akamfananisha na sokwe. Picha hiyo ilimwandama Frazier hadi mwisho wa maisha yake.

Makala haya yanajenga hoja kwamba mbinu ya bondia mfupi ni maarifa yaliyofundishwa, yaliyojaribiwa na yaliyokuwa na mipaka yake. Ili kuthibitisha hoja hiyo, makala yanachunguza pambano la Toledo la mwaka 1919 kama kitangulizi, kisha mapambano manne ya Frazier kati ya mwaka 1971 na 1975. Mapambano hayo yanafaa kwa ulinganishi kwa sababu mtu alikuwa yuleyule, mtindo ulikuwa uleule, na wapinzani wake wawili, Ali na George Foreman, walikuwa na kimo kinachokaribiana. Hata hivyo, matokeo yalitofautiana sana.

2.0 Tatizo la Umbali

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, ni vyema kufafanua istilahi zitakazotumika. Ngumi nyoofu ni ile inayorushwa kwa mkono wa mbele moja kwa moja kuelekea usoni. Ngumi ya kupinda huzunguka kutoka ubavuni, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Ngumi ya kupandisha hutoka chini na kupanda kuelekea kidevuni.

Bondia mrefu ana eneo ambalo yeye anaweza kupiga na mwenzake hawezi. Eneo hilo ndilo umbali unaozungumziwa hapa. Upana wake ni wa sentimita chache tu, lakini mfupi hana budi kuuvuka kila anapotaka kushambulia, na anapouvuka hukutana na ngumi nyoofu. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa bondia mfupi ni jinsi ya kuingia bila kupigwa. Swali la pili ni la kufanya nini akishaingia, kwa kuwa mrefu anaweza kurudi nyuma au kumkumbatia. La tatu, ambalo husahaulika, ni gharama ya kurudia kazi hiyo raundi baada ya raundi.

Majibu ya kawaida ya makocha yanajulikana: kuinama kwa kukunja magoti, kuyumbisha kichwa kushoto na kulia ili ngumi nyoofu ipite juu ya bega, kupiga mwili kabla ya kichwa, na kumfungia mpinzani kwenye kamba au konani. Hata hivyo, orodha hiyo haielezi ni kwa nini mbinu hizo hufaulu siku moja na kushindwa siku nyingine. Jibu la suala hilo linapatikana katika historia.

3.0 Toledo, 1919: Mbinu na Kanuni

Mfano wa awali unaotajwa mara kwa mara ni wa Jack Dempsey dhidi ya Jess Willard, huko Toledo, Ohio, tarehe 4 Julai, 1919. Willard alikuwa na sentimita 199 na uzito wa pauni 245. Dempsey alikuwa na sentimita 185 na pauni 187. Katika raundi ya kwanza pekee Willard aliangushwa mara saba, na hakuendelea na raundi ya nne.

Dempsey aliingia akiwa ameinama, akipiga mwili ili mikono ya Willard ishuke, kisha akarusha ngumi za kupinda kichwani. Hata hivyo, mambo mawili yanazuia pambano hili kuchukuliwa kama ushahidi kamili wa ubora wa mbinu. Kwanza, Willard alikuwa na umri wa miaka 37, na tangu mwaka 1916 alikuwa hajatetea ubingwa wake. Pili, siku hiyo Dempsey hakulazimishwa kwenda kwenye kona ya mbali mpinzani alipoanguka. Alisimama karibu na Willard na kumpiga tena mara alipoinuka. Kwa maneno mengine, akishauvuka umbali mara moja, hakuhitaji kuuvuka tena.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 22 Septemba, 1927, huko Chicago. Dempsey alimwangusha Gene Tunney katika raundi ya saba, lakini kwa kuwa alichelewa kwenda kwenye kona iliyoamriwa na kanuni, mwamuzi alichelewa kuanza kuhesabu. Tunney alipata muda wa kuinuka, akaanza tena kupigana kwa mbali, na hatimaye akashinda kwa pointi. Hivyo basi, thamani ya mbinu ya kuingia ndani hutegemea pia kanuni zinazotawala kile kinachoruhusiwa baada ya kuingia. Hoja hii itajitokeza tena katika mapambano ya Frazier.

4.0 New York, 1971: Kuinama kama Chambo

Frazier alizaliwa Beaufort, South Carolina, mwaka 1944, na akapata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliumia mkono wa kushoto utotoni na tangu hapo haukunyooka kabisa. Mkono wa namna hiyo haukufaa kushindana kwa ngumi nyoofu, lakini ulikuwa tayari umekaa katika umbo la ngumi ya kupinda. Kocha wake mkuu, Yank Durham, aliujenga mtindo wake juu ya mkono huo.

Katika maandalizi ya pambano la mwaka 1971, mchango wa msaidizi wa Durham, Eddie Futch, ulikuwa muhimu sana. Futch alikuwa amebaini tabia mbili za Ali. Ya kwanza ni kwamba Ali hakukwepa kwa kuinama. Alikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma. Mtu anayekwepa hivyo huondoa kichwa, lakini kiwiliwili chake hubaki palepale. Kwa sababu hiyo, Frazier alielekezwa kupiga mwili, na kumsukuma Ali hadi kwenye kamba ambako nafasi ya kurudi nyuma ingekwisha.

Tabia ya pili ilihusu ngumi ya kupandisha. Kwa kawaida, dawa ya bondia anayeinama ni ngumi hiyo, kwa sababu inamkuta kichwa kikiwa chini. Futch aliona kwamba Ali, kabla ya kuirusha, huushusha mkono wa kulia na kuuacha upande huo wa uso wake bila ulinzi. Maelekezo aliyompa Frazier yalikuwa ya wazi: ainame zaidi ili Ali ashawishike kuirusha, na pindi mkono wa kulia unaposhuka, arushe ngumi ya kupinda ya kushoto. Hapa kuinama hakukuwa kinga peke yake. Kulikuwa chambo.

Mpango huo ulitimia mara mbili. Katika raundi ya 11 ngumi ya kupinda ilimyumbisha Ali vibaya, na katika raundi ya 15 ilimwangusha chali. Aliinuka upesi na kumaliza pambano, lakini hesabu za pointi zilikuwa zimekwisha kuelemea upande mmoja: raundi 8 kwa 6 na moja ya sare kwa mwamuzi Arthur Mercante, na raundi 9 kwa 6 na 11 kwa 4 kwa majaji wawili. Ni kweli kwamba Ali alikuwa amerejea ulingoni Oktoba 1970 baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka mitatu, na miguu yake haikuwa na wepesi wa zamani. Hata hivyo, upungufu wa miguu unaeleza ni kwa nini alipatikana kwenye kamba. Hauelezi ni kwa nini alipigwa kwa ngumi ileile, kutoka upande uleule, katika nyakati zilezile alizotabiri Futch.

5.0 Kingston, 1973: Mpaka wa Mbinu

Tarehe 22 Januari, 1973, huko Kingston, Jamaika, Frazier alikutana na George Foreman. Kimo cha Foreman kilikaribiana na cha Ali. Iwapo mbinu ya mwaka 1971 ingekuwa mbinu dhidi ya urefu kwa jumla, ingetarajiwa kufaa tena. Badala yake, Frazier aliangushwa mara sita, na pambano likasimamishwa katika raundi ya pili.

Sababu iko katika namna Foreman alivyoutumia urefu wake. Ali aliutumia kujitenga, kwa hiyo alimpa Frazier kazi ya kufuata na kufungia. Foreman hakujitenga. Alinyoosha mikono yote miwili na kumsukuma Frazier mabegani kila alipoingia, hivi kwamba Frazier aliyekuwa ameinama alisimamishwa wima na kurudishwa mahali ambapo ngumi ndefu zingemfikia. Aidha, ngumi ya kupandisha ya Foreman haikuwa na kasoro ya ile ya Ali. Ilitoka chini karibu na mwili, kwa nguvu na bila kuchelewa. Chambo kilekile kilichomnasa Ali kilimweka Frazier mahali hasa ambapo Foreman alimtaka awe.

Pambano hili ndilo ushahidi muhimu zaidi dhidi ya maelezo ya ujasiri. Frazier wa Kingston hakuwa na moyo mdogo kuliko Frazier wa New York. Aliinuka mara zote sita. Kilichokosekana ni maarifa yanayomhusu mpinzani huyu mahususi.

6.0 Mwaka 1974 na 1975: Mwamuzi na Gharama

Durham alifariki mwaka 1973, na Futch akawa kocha mkuu. Katika pambano la pili dhidi ya Ali, New York, tarehe 28 Januari, 1974, Ali alikuja na jibu jipya. Kila Frazier alipouvuka umbali, Ali alimshika shingo na kumvuta chini, kisha akasubiri watenganishwe. Kila walipotenganishwa, umbali ulirudi kuwa ule wa mwanzo, na Frazier akalazimika kuanza upya. Ali alishinda kwa pointi katika raundi 12.

Futch alilisoma tatizo hilo kama suala la kanuni. Kushika shingo ni kosa, lakini kosa lisiloadhibiwa huwa mbinu. Kwa sababu hiyo, kabla ya pambano la tatu, lililofanyika Ufilipino tarehe 1 Oktoba, 1975, alipigania uteuzi wa mwamuzi atakayezuia kushikana. Mwamuzi Carlos Padilla hakumruhusu Ali kushika kama alivyofanya mwaka 1974, na katika raundi za katikati Frazier aliweza kukaa ndani na kupiga mwili kwa muda mrefu.

Hata hivyo, pambano hilo lilionyesha pia gharama ya mbinu yenyewe. Bondia anayeingia ndani hupokea ngumi njiani, hata anapofaulu. Baada ya ushindi wa mwaka 1971, Frazier alilazwa hospitalini kwa muda, na hakupigana tena hadi Januari 1972. Mwaka 1975, kufikia raundi ya 14, uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba hakuweza kuziona vyema ngumi za kulia za Ali. Kwa mfupi, jicho ndilo chombo cha kwanza cha mbinu. Kichwa hakiwezi kukwepa ngumi ambayo jicho halikuiona kuanza. Kabla ya raundi ya 15, Futch alilisimamisha pambano licha ya pingamizi la Frazier. Kocha aliyejua zaidi jinsi mbinu ile ilivyofanya kazi ndiye aliyetambua kwamba haikuwapo tena, na kwamba kilichobaki ni ujasiri mtupu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hakuna mbinu moja dhidi ya bondia mrefu. Kuna mbinu dhidi ya mtu mahususi anayeutumia urefu kwa namna mahususi, chini ya kanuni mahususi. Kuinama kulimnasa Ali mwaka 1971, kukamponza Frazier mwaka 1973, na kukazimwa kwa kushikwa shingo mwaka 1974. Toledo na Chicago zinathibitisha kwamba hata kabla ya kizazi hicho, kilichoamua thamani ya kuingia ndani kilikuwa pia mkono wa mwamuzi.

Kwa mantiki hiyo, historia ya masumbwi inayomgawia bondia mrefu akili na bondia mfupi moyo inahitaji kupitiwa upya. Frazier, Durham na Futch walikuwa na nadharia ya umbali, waliijaribu hadharani, na waliirekebisha iliposhindwa. Uamuzi wa Futch wa kusimamisha pambano mwaka 1975 unapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya nadharia hiyo, kwa sababu kujua mahali mbinu inapokomea ni maarifa sawa na kujua mahali inapoanzia.