Nani Aliulizwa Kabla ya Sindano

Ninafundisha shule ya msingi Munuki, hapa Juba, na chanjo ikija ni mimi ninayezunguka na fomu za ridhaa, kwa kuwa najua Kibari, Kiarabu cha Juba na Kiswahili nilichokulia nacho Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya. Katika kuzunguka huko nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo historia zetu hulipita mbio: kabla mtoto wa huku hajaguswa na daktari wa serikali, nani alikuwa akiombwa ruhusa?

Zamani aliambiwa chifu. Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, ilipotiwa chini ya serikali ya Sudan mwaka 1910, malale yalikuwa yameshamaliza watu wengi Kongo na Uganda. Madaktari waliokuja, wengi wao wanajeshi, waliwapanga watu mstari, wazee kwa watoto, wakawapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Tezi ikipatikana ilidungwa sindano, na majimaji yake yakatazamwa kwa darubini. Kwa Wazande, katika miaka ya 1920, kaya nzima zilihamishwa zikapangwa kando ya barabara ili ukaguzi uwe rahisi. Kazi ile iliokoa maisha na siibezi. Ila mama aliyesimama mstarini na mwanawe hakuombwa lolote, na chifu mwenyewe hakuwa na nafasi ya kukataa.

Wamisheni walipita njia nyingine. Daktari Kenneth Fraser wa shirika la wamisionari la CMS, aliyefika Lui katika nchi ya Wamoru mwishoni mwa 1920, alianzisha hospitali na shule pamoja. Shule za bweni zilipoenea, mzazi aliyemtoa mtoto alikuwa amekwisha kumkabidhi mzimamzima: kusoma, kusali, kutibiwa. Serikali ilizitwaa shule za misheni mwaka 1957, ikawafukuza wamisionari mwaka 1964, na vita vikawatawanya watoto na wazazi wao.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Huko nililelewa na mama mkubwa, na kila chanjo iliyopita aliikubali papo hapo. Jina langu lilikuwa katika kadi ileile ya unga na mafuta, naye aliogopa kwamba akikataa sindano atapoteza chakula. Hakuna aliyemwambia hivyo. Wala hakuna aliyemwambia kwamba sivyo.

Hofu hiyo ndiyo ninayokutana nayo leo. Sheria ya Mtoto ya 2008 ilitupa maneno mazuri kuhusu haki za mtoto, na fomu zetu zina mstari wa saini ya mzazi. Lakini mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 yamewaacha watoto wangu wengi kwa wajomba, shangazi na bibi. Wazazi wengine wako Uganda, kambi ya Bidi Bidi, na wengine hawapo tena. Anayeweka kidole gumba kwenye wino ni yule aliyempikia mtoto jana usiku, nami namhesabu kuwa mzazi. Bibi mmoja wa mtaa wa Gudele alinishika mkono kabla ya kuweka chake: "Ustaza, nikikataa mtamfukuza shule?"

Jibu lilinijia kutoka mbali. Dada yangu anaishi Omaha, Nebraska, penye watu wetu wengi. Mwanawe husaidiwa na mtaalamu wa usemi shuleni, na dada alipoletewa fomu ya ridhaa alinipigia simu kwa wasiwasi. Tuliisoma pamoja. Tangu 1988 sheria ya Marekani inaruhusu Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iirudishie shule gharama za huduma kama hiyo. Lakini shule haiwezi kudai fedha hizo wala kutoa habari za mtoto mpaka mzazi akubali kwa maandishi. Kwa kanuni ya 2013 hukubali mara moja, kisha hukumbushwa kila mwaka, na anaweza kubadili nia. Kilichonigusa zaidi: dada yangu akikataa, mtoto anaendelea kusaidiwa vilevile, bure.

Hapo ndipo nilipopata jibu la bibi wa Gudele. Nimewaomba wanaotuletea fomu waandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto asiyechanjwa atabaki darasani na atapata chakula na madaftari kama wenzake. Kwa sasa ninayasema mwenyewe mlangoni, kabla sijatoa karatasi. Mtu akishayasikia, maswali yake hubadilika. Hunikumbusha yaliyotokea karibu na Kapoeta mwaka 2017, watoto 15 walipokufa baada ya chanjo ya surua iliyokaa bila ubaridi, kwa sindano moja iliyotumika kwa wote. Huuliza chanjo yetu imelala wapi, nani atadunga, na kama kila mtoto atafunguliwa sindano yake mpya mbele ya macho. Nayaandika yote nyuma ya fomu, na asubuhi nawasomea wauguzi kabla hawajafungua masanduku.