Mkimbizi Aliyegundua Dawa ya Kifafa

Leo historia yetu inahusu kidonge ambacho familia nyingi zinakijua: fenobabitali.

Mwaka 1912, huko Freiburg, Ujerumani, dawa hiyo ilikuwa mpya, na kazi yake ilikuwa kuleta usingizi. Daktari kijana, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa. Akaona jambo la ajabu: kuanguka kwao kulipungua. Hadi leo dawa hiyo inatumika duniani kote, kwa sababu ni ya bei nafuu.

Hauptmann alikuwa Myahudi. Mwaka 1938 Wanazi walimfunga katika kambi ya Dachau. Alipotoka, alikimbilia Marekani, akafia Boston mwaka 1948. Alikuwa mkimbizi, kama mimi na wewe.

Baadaye zilikuja dawa nyingine, na kila moja ina tahadhari yake. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba lamotrijini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo, mama, baba, kama moyo wako una shida, mwambie daktari kabla hajakuandikia dawa. Lakini usiache dawa ghafla kwa woga. Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Daktari ndiye wa kubadilisha.

Tena, kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Mtu akianguka, usimkimbie. Mlaze kwa ubavu, ukae naye. Kukimbia tumeshakimbia vya kutosha.