Mnyama Aliyevaa Nguo: Michoro ya Awali ya John Kilaka na Sarufi ya Hadithi

Mwaka 1901, mjini Chicago, kilichapishwa kitabu cha Kiingereza cha hadithi za Unguja kilichotayarishwa na George W. Bateman. Wanyama wa hadithi hizo, Sungura akiwa mmojawapo, walichorwa na Walter Bobbett. Hadithi za jinsi hiyo zilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili na Edward Steere katika mkusanyo wake uliotoka London mwaka 1870, lakini watafiti waliomfuata walizisoma zaidi kama mifano ya lugha. Hivyo maneno ya Sungura na sura ya Sungura vilisafiri kwa njia mbili tofauti: maneno yalibaki kwa wanaisimu, sura ikaenda kwa watoto wa mbali.

Miaka mia moja hivi baadaye safari hiyo ilijirudia, ila safari hii mchoraji alikuwa mwenyeji. John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 katika eneo la Sumbawanga, alihamia Dar es Salaam mwaka 1987 na kujiunga na wachoraji wa Tingatinga. Vitabu vyake vya mwanzo, kile cha samaki wabichi na kile cha urafiki wa Tembo na Panya, vilitoka Uswisi kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha vikafasiriwa kwa Kiingereza.

Ili kuielewa michoro hiyo ya awali, ni lazima kurudi kwenye ubao. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Aliuza picha zake Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi. Mnyama wake wa kawaida husimama peke yake juu ya rangi tupu: chui, ndege, au tembo anayejaza mraba wote. Hana jirani wala shughuli. Ni mnyama mzuri sana, na ni bubu.

Kilaka aliirithi rangi ile kali na kontua ile safi, lakini alimwondolea mnyama upweke. Wanyama wake wamevaa nguo, wanakwenda sokoni, wanagombana, wanapatana. Ni rahisi kusema kwamba huo ni mtindo wa vitabu vya watoto wa Ulaya, ambako sungura wa Beatrix Potter alivaa koti tangu mwaka 1902. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa inaisahau sarufi.

Katika Kiswahili, tembo hupatanishwa kama mtu. Husemwa “tembo amekuja”, kamwe si “tembo imekuja”, ingawa umbo la nomino lingeweza kuruhusu hilo la pili. Hata kifaru na kiboko, wenye sura ya ngeli ya vitu, husemwa kuwa “wamelala”. Lugha imekwisha kumweka mnyama upande wa watu kabla msimuliaji hajafungua kinywa. Linalobaki ni kulifanya jina la aina liwe jina la mhusika. Nguo anazochora Kilaka ni upatanisho huohuo, umehamia kwenye rangi. Wafasiri waliligusa jambo hili bila shaka pasipo kukusudia: katika tafsiri ya Kiingereza mvuvi wa kitabu cha samaki anaitwa Sokwe, na jina la Kiingereza la mnyama huyo likafuata kama jina la ukoo. Kwa sikio la Kiswahili, bwana huyo ni Sokwe Sokwe.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali kama Ntobeye, wilayani Ngara, ambako lugha ya nyumbani ya wengi ni Kihangaza, jirani wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika lugha hizo mbili tembo hubaki katika ngeli yake: “inzovu iraza”. Anayepata upatanisho wa mtu ni mhusika wa hadithi, kama Bakame, yule sungura mjanja ambaye jina lake lilichukuliwa na shirika la vitabu vya watoto lililoanzishwa Kigali mwaka 1995. Mtoto wa Ntobeye aingiapo darasani hukutana na lugha ambamo kila tembo, hata wa porini, ni “yeye”. Picha ya Tembo aliyevaa shati humweleza hilo upesi kuliko jedwali la ngeli. Kwa mtoto huyo mchoro ndiyo matini ya kwanza, na ni kosa la wanahistoria wa fasihi kuendelea kumtaja mchoraji baada ya mwandishi, mchapaji na mfadhili, pale wanapomtaja.

Hata hivyo mchoro una mpaka wake, na Kilaka mwenyewe aliuonyesha. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuna ukame, na mti uliojaa matunda yasiyoanguka mpaka mti uitwe kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanakwenda kwa Kobe kuliuliza, na kila mara wanalisahau njiani. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye analifikisha. Kilaka aliweza kuuchora mti, matunda, Kobe na aibu ya wakubwa. Jina halikuchoreka. Toleo la Kijerumani na la Kiingereza yote yameliacha kama lilivyo, na mtoto yeyote, wa Basel au wa Ngara, hana budi kulitamka kwa kinywa chake: Ntungulu Mengenye.